Diski Niliyoifunga Bila Kuifungua

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Nimekaa nayo miaka yote hii nikikuona unakua, nikijiambia nitakusimulia kesho, na kesho ikawa kesho kutwa. Sasa unataka nikuachie kompyuta ya nyumbani na makaratasi ya watu yaliyomo, maana macho yangu yamechoka na kioo chake. Kabla sijakuachia, kaa hapo unisikilize. Nikimaliza, ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, una haki.

Nilikuwa kijana, sijafika hata miaka thelathini, na hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, mtaa wetu mzima, ni mimi peke yangu niliyekuwa na kompyuta na skana. Nilizinunua kuukuu Area 47, mjini Lilongwe, kwa familia iliyokuwa ikihama, nikazileta zimefungwa kwenye blanketi. Watu waliniletea vyeti vya ubatizo, vya shule, vya ndoa, karatasi zilizovuka mipaka ndani ya sidiria za mama zao. Nikishazipiga skani, wengi waliacha kuhangaika nazo. Walisema, "Iko kwa Furaha," wakalala usingizi. Nilijiona mtu mkubwa, nisikufiche.

Wala usidhani nilikuwa mzembe. Kila Jumamosi nilitengeneza nakala ya diski nzima, yaani kila kilichomo kwenye kompyuta kinakusanywa katika faili moja kubwa, ili kompyuta ikifa uweze kuirudisha kama ilivyokuwa. Faili hilo nililiweka kwenye diski ya nje. Mwisho wa kazi programu iliuliza kama nataka ihakiki nakala. Uhakiki ulichukua saa nzima, na umeme wetu unaujua. Nikaondoa alama kwenye kisanduku cha uhakiki, sikuirudisha tena. Na majina sasa! Nakala ya kwanza niliiita "mpya", ya pili "mpya kabisa", kisha "ya mwisho", halafu "ya mwisho kweli". Cheka tu, hata mimi ningecheka.

Baada ya hapo niliifunga diski kwa plastiki na kuitia ndani ya sakoshi, yaani mkoba. Kwetu Bukavu, Kongo, mama alikuwa na sakoshi ya makaratasi iliyofungwa kwa kitenge, ikikaa nyuma ya mlango siku zote, tayari kwa kukimbia. Hakuna aliyeruhusiwa kuifungua. Mama aliamini kwamba kuifungua bila sababu ni kuita vita, na majirani zetu nao walikuwa na sakoshi zao za namna hiyo. Nikailea diski kama nilivyolelewa. Kila asubuhi niliipapasa kuona kama ipo, basi.

Karatasi moja ilikuwa ya babu yako, Papa Mushagalusa, fundi cherehani, jirani yangu. Ni cheti cha kuzaliwa cha Nabintu, mama yako aliyekuzaa. Yeye alifika kambini miaka miwili baada ya baba yake, kwa njia yake, akaandikwa kwenye faili la peke yake. Cheti nilikipiga skani Jumatatu. Mwezi ule mvua ikapenya paa la babu yako, karatasi ikawa uji. Hakushtuka sana. Alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Furaha, ya Nabintu iko?"

"Iko, Papa."

"Njo vile. Mi narudi kushona."

Wiki chache baadaye ofisi ya wakimbizi ya Lilongwe ikamwita. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda kuishi nchi ya mbali, na Alhamisi alitakiwa kupeleka karatasi inayoonyesha kwamba Nabintu ni mtoto wake, ili wasafiri pamoja. Bila hiyo angeondoka peke yake. Alinipa habari hizo Jumanne, anacheka. Nikawasha kompyuta mbele yake. Ikakwaruza, ikanyamaza, kioo kikabaki cheusi.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nina nakala. Jumatano asubuhi nilikuwa Kauma, pembeni mwa Lilongwe, kwa Deo, Mrundi aliyetengeneza kompyuta chumbani kwake. Sakoshi nilikuwa nimeikumbatia kifuani. Diski ya kompyuta aliitazama akasema imekufa kabisa. Akafungua "ya mwisho kweli" kwenye diski ya nje, ikakataa. Akajaribu "ya mwisho", ikakataa. "Mpya kabisa" nayo ikakataa. Nikawa naangalia midomo yake kabla hajasema lolote.

"Dada, hizi zote ziko nusu," alisema. "Disiki yako ilijaa zamani. Inaandika, inafika hapa, inakatika. Hukuziverifia, hukuzihakiki hata moja?"

"Ilikuwa inaniambia imeisha."

"Inasemaka vile hata kama iko nusu."

Iliyofunguka ni ile ya kwanza, "mpya". Nikapiga vigelegele pale pale, majirani wa Deo wakachungulia. Vyeti vilikuwamo, picha za arusi zilikuwamo. Nikatafuta jina la Nabintu mara tatu, mara ya nne kwa herufi ndogo. Halikuwamo. Nakala ile niliitengeneza Jumamosi, na cheti chake kililetwa Jumatatu iliyofuata.

Sijui nilirudije Dzaleka. Nilimkuta babu yako anashona, nikamweleza nimesimama. Akasimamisha cherehani.

"We ulikuwa unaifunga tu? Haukuifungulaka ata siku moja?"

"Hapana, Papa."

"Mi nikishona suruali ya mutu, anaivaa kwanza mbele yangu, njo anaenda. We unaniambiaka iko, iko. Ulikuwa unaona wapi?"

Alhamisi alikwenda mikono mitupu. Wakamwambia anaweza kuondoka peke yake, akakataa. "Nilimuachaka mara moja, kwa vita," aliniambia. "Mara ya pili, hapana." Nafasi ile haikurudi tena. Alizeekea hapa, akazikwa hapa, na wewe umezaliwa hapa. Sasa unajua sababu.

Ulipozaliwa nilidhani babu yako atapeleka cheti chako kwa mtu mwingine. Akakileta kwangu. Akavuta kiti, akakupakata, akasema, "Piga. Fanya kopi. Sasa ifungule, nione." Akakaa saa nzima ya uhakiki, wewe umelala mapajani mwake. Alifanya hivyo kila mwezi mpaka alipofariki.

Basi mwanangu, nakala ipe jina la tarehe, uachane na "mpya" zangu. Angalia kwanza kama diski ina nafasi. Alama ya uhakiki usiiguse, hata umeme ukikutania. Halafu ifungue, uchague karatasi ya mtu yeyote, usome jina lake mpaka mwisho. Usifute ya zamani kabla mpya haijafunguka. Diski ya pili ikae Kauma kwa Deo, nayo uende ukaifungue. Na mtu akisimama mlangoni akikuuliza kama yake iko, usimjibu kabla hujaiona.

Mungu akupe subira, akupe na umeme wa saa nzima. Akuepushe na kumwambia mzazi yeyote maneno niliyomwambia babu yako. Haya, vuta kiti. Cheti chako kimo kwenye diski hii. Kifungue, nikione.