Ruhusa ya Bi Msimamizi

Jirani yangu Fundi huamka kabla ya majogoo, wala si kwa bidii. Huamka mapema kwa sababu mama yake akishafumbua macho, asubuhi si yake tena. Kwa hiyo huoga gizani, huvaa gauni la kazini, hunywa chai amesimama, kisha juu ya gauni hujifunga khanga kuukuu ili aonekane mtu asiye na safari. Mkoba wake hauko mle ndani. Mkoba hulala kwangu tangu jioni, pamoja na simu, mkasi na tepu ya kupimia, maana bibi, yaani huyo mama yake, akiuona tu huuliza, "Unakwenda wapi, na mimi ndiye ninayekwenda kazini?" Hapo hakutokeki tena.

Bibi huyo alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha sabuni, upande wa kuzifunga kwenye karatasi. Kiwanda kilikufa zamani na majengo yake sasa ni ghala la saruji, lakini habari hizo hazijamfikia. Kila asubuhi anataka koti lake la buluu, kitambaa cha kichwa, viatu vya kamba, na vifungo vifungwe mpaka kooni. Kifungo kimoja kikirukwa, wanaanza upya. Fundi humvalisha amepiga magoti.

"Wewe binti, nani anakulipa kwa kazi hii?" bibi humuuliza.

"Hakuna, mama."

"Basi unaonewa."

Nikimkuta akisema hivyo, mimi hucheka. Fundi hacheki, kicheko hicho kilimwishia siku nyingi.

Mwanzoni alijaribu kumfungia ndani. Bibi akagonga mlango mpaka mikono ikavimba. Akamwachia, bibi akapotea, tukamkuta kando ya barabara kuu akiwauliza madereva kama basi la wafanyakazi limeshapita. Ndipo Fundi akabuni ujanja. Nyuma ya nyumba yao kuna stoo yenye mlango wake wa kutokea uani. Akaweka humo meza, rundo la karatasi na kikapu cha vipande vya sabuni. Mlango wa ndani, unaounganisha stoo na nyumba, akauziba kwa kabati zito ili bibi asigundue kwamba kiwanda chake kipo ubavuni mwa kitanda chake. Tangu hapo kila asubuhi hutoka naye kwa mlango wa mbele, huzunguka naye uchochoroni taratibu, humwingiza kwa nyuma. Bibi akivuka kizingiti tu, mgongo hunyooka.

Mimi huwa nimeshakaa mezani, mfanyakazi wa kwanza kuripoti, kwa umri wangu huu! Mume wangu alitangulia mbele ya haki, watoto wana miji yao, basi nimeajiriwa uzeeni. "Shikamoo, Bi Msimamizi," nasema. Fundi naye husema shikamoo, huchukua kipande cha sabuni, hujifanya anafunga. Bibi akiinama kukagua kazi yangu, Fundi hurudi nyuma kidogo kidogo, hutoka, huivua khanga uani, huchukua mkoba kwangu na kukimbia. Sisi tunafunga sabuni mchana kutwa. Usiku Fundi huzifungua zote, zikae tayari kwa kesho. Mtu akinieleza kazi ya kuteka maji kwa pakacha, nitamwambia hajaona kazi.

Fundi ana kaka mmoja, mji wa mbali. Hupiga simu kila mwezi. "Vumilia dada, mama ni mama," humwambia. Mimi mtu huyo simpendi na siombi radhi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye hata kanda hilo hajaligusa.

Sasa, mwenye duka la ushonaji alikuwa ameshamchoka Fundi kwa kuchelewa. Alimwambia mbele ya wenzake kwamba akichelewa tena, cherehani chake anapewa mwingine. Na asubuhi ninayotaka kuisimulia alikuwa anakuja bibi harusi kupima gauni, asubuhi na mapema, kabla hajasafiri. Gauni lilikuwa mikononi mwa Fundi. Jioni ya kuamkia siku hiyo alikuwa amenishika mkono uani, akaniambia, "Mama mdogo, kesho nisipowahi, nimekwisha. Dukani ndiko ninakokuwa mtu. Huku ndani sina hata jina."

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri mno. Vifungo vilikubali kwa mara moja. Wakazunguka, wakaingia, tukaamkiana. Nikamkonyeza Fundi: leo utafika hata kabla ya tajiri yako. Bibi hakuinama kukagua. Alirudi mlangoni, akaufunga kwa ufunguo uliokuwa kitasani, akautia ufunguo mfukoni mwa koti na kuubana kwa pini.

"Kuna mtu hapa," alisema, "kila siku anaripoti, halafu haonekani. Mnadhani sioni? Leo hatoki mtu mpaka zamu iishe."

Nilimtazama Fundi, Fundi akalitazama lile kabati. Tulilisukuma sisi wawili siku ile ya kuziba mlango, na tulilijaza matofali kwa mikono yetu. Dirisha lina nondo. Kumnyang'anya ufunguo haikuwezekana, maana tulishawahi kumshika mikono kwa nguvu mara moja, akapiga mayowe ya wezi mpaka mtaa ukajaa, na kwa siku kadhaa hakutia chakula mdomoni.

"Bi Msimamizi, nina udhuru," Fundi alianza.

"Udhuru gani?"

"Nina mteja ananisubiri."

"Mteja! Kwa hiyo una kibarua kingine? Funga sabuni."

Akafunga. Karatasi zikachanika, bibi akamwambia arudie. Kupitia ukutani nilisikia simu yake ikiita nyumbani kwangu. Ikaita, ikanyamaza, ikaita tena. Nilimwomba bibi ruhusa ya kwenda chooni, akanijibu kwamba mtu mzima hujipanga nyumbani kwake kabla ya kutoka. Siku nyingine ningecheka.

Simu iliponyamaza moja kwa moja, Fundi aliweka sabuni mezani. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Mama yangu mgonjwa," alisema. Hakuwa anamlaghai mtu. Lilimtoka tu.

Bibi alisimama. "Anaumwa nini?"

"Hanijui tena. Namvalisha, namlisha, hanijui."

"Una ndugu?"

"Kaka. Yuko mbali."

"Ndivyo walivyo," alisema bibi. Akavuta kiti, akakaa karibu naye, akamfuta uso kwa ncha ya kitambaa chake mwenyewe. Sijui ni lini mara ya mwisho alimgusa vile. "Ungesema mapema, mwanangu. Mimi si mnyama. Sabuni zitafungwa, zisipofungwa leo zitafungwa kesho. Mama unaye mmoja." Akaichomoa pini, akafungua mlango. "Nenda. Na leo usirudi hapa, shinda naye."

Fundi alitoka mbio. Dirishani nilimwona akiingia kwangu, akatoka na mkoba, simu mkononi, akasoma. Baadaye alinionyesha ujumbe wenyewe: bibi harusi ameondoka na gauni lake lisilokwisha, na cherehani kimeshapata mtu. Alisimama uchochoroni, upande mmoja barabara, upande mwingine mlango wa mbele wa kwao. Moyo wangu ulimwomba aende barabarani, popote, hata bila kazi. Kisha nikasikia mlango wa mbele ukifunguliwa, na nyuma ya kabati kitanda cha mama yake kikatoa mlio, kama mtu amekikalia kwa uzito wake wote.

"Maskini," bibi aliniambia, akipanga sabuni. "Laiti ningejua mama yake anakaa wapi, tungemtuma mtu akamjulie hali."

Siku hizi Fundi hajifungi khanga juu ya gauni, maana hana gauni la kuficha. Mkoba haulali kwangu. Anamvalisha mama yake, anazunguka naye, anaingia, anaketi upande wa pili wa meza, nasi watatu tunafunga sabuni mpaka jioni. Nilimwambia atafute duka lingine, mimi nitabaki na bibi. Akaniuliza atatokaje. Mlango sasa hufungwa kila siku.

Lakini kabla ya kazi kuanza bibi humsimamisha kwanza, na mimi siulizwi hivyo.

"Mama yako anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo, Bi Msimamizi."

"Msalimie sana. Mwambie nikipata likizo nitakuja kumwona."