Feni ya Nyuma na Tenga la Johari

Twalibu alikuwa ameviacha vijiji vya Dimani nyuma, anaikaribia Kibiti, ndipo alipotambua kwamba kwa muda sasa hakuwa amesikia kitu. Feni ya nyuma ya gari lake, ya kiyoyozi, ilikuwa na mvumo wake, kama mzee akoromaye mchana, naye alikuwa ameuzoea mno hata hakuusikia ulipokuwapo. Aliusikia uliponyamaza.

Alisimama kando ya njia, akafungua mlango wa nyuma. Joto lilimpiga usoni. Alipenyeza kidole katikati ya fito za tenga la juu, akamgusa kaa jicho. Kaa aliye hai akiguswa jicho hulificha. Ndivyo wanunuzi wa Dar es Salaam wanavyowapima, na ndivyo Twalibu alivyofundishwa na mama yake kabla hajajua kusoma. Jicho lilijificha, lakini polepole, kama la mtu anayeamshwa na hataki.

Alizaliwa kisiwani, katika ukoo wa wakata boriti za mikoko. Vibali vya boriti vilipokuwa vigumu kupatikana, aliliacha shoka la baba yake likaliwa na kutu, akaendesha magari ya watu, akalima mpunga ukachukuliwa na mafuriko, mwishowe akapata kigari hiki kikuukuu cha abiria. Aling'oa viti vya nyuma, akawa mchukuzi wa kaa. Wanaume wenziwe walimwita dereva wa magando. Alicheka nao, maana kazi nyingine zote zilikuwa zimemshinda, na hii nayo ilikuwa imeanza kumponyoka.

Mzigo wa safari iliyopita ulifika umekufa wote, na kaa aliyekufa hana mnunuzi. Wanawake wachokoaji, wale wanaoingia matopeni maji yakitoka, kulabu mkononi, walikubaliana kwamba kaa wao wabebwe na mtu mwingine. Dada yake Johari ndiye aliyesimama kumtetea.

"Mpeni mara hii," aliwaambia wenzake. "Wenu wakifa tena, msinihesabu miongoni mwenu. Nitachokoa peke yangu."

Halikuwa neno dogo. Mikokoni haingii mtu peke yake. Anayezama topeni huvutwa na mwenzake, na asiye na mwenzake hungojwa na maji yanayojaa. Wanawake wakakubali. Kila mmoja akafunga kipande cha kanga yake kuukuu kwenye tenga lake, kama desturi, ili mali ya mtu ijulikane. Twalibu akalipanga tenga la Johari juu ya yote, karibu na matundu ya darini yanayopuliza baridi. Aliona ndipo pahali pa heshima.

Fundi umeme aliyempata Kibiti, karibu na stendi, aliitwa Saadi, mtu mnene mwenye kofia ya viua iliyoingia mafuta ya gari.

"Fundi, feni ya nyuma imekufa," Twalibu alisema kabla hajateremka vizuri. "Nina kaa humu."

"Salamu kwanza, kaka. Kaa hawasalimiani?"

"Salaam alaykum. Nisamehe."

"Waalaykum salaam." Saadi alichungulia ndani, akaguna. "Kaa wanasafiri na kiyoyozi, na mimi nalala napepewa na gazeti. Haya, washa."

Twalibu akawasha. Mbele baridi ilipuliza, nyuma kimya. Saadi alichomoa fyuzi, akaitazama dhidi ya jua: nzima. Akachukua rilei ya honi, kile kiswichi kinachopitisha umeme, akaichomeka mahali pa ile ya feni, kwani zilifanana. Kimya. Akajikuna kidevu.

"Mota hiyo imeungua. Ipo ya mtumba kwa jirani yangu, ila ameifungia dukani na yeye kaenda kuzika Ikwiriri."

"Atarudi lini?"

"Mazishi hayaulizwi hivyo, bwana."

Twalibu alizunguka gari, akagusa macho. Katika tenga la juu, kaa mmoja hakulificha jicho. Akamgusa mara ya pili, akakisukuma kile kijicho huku na huku, kikabaki palepale kama kichwa cha msumari. Alitamani kumtafutia Johari maneno, hata ya uongo, asiyapate.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "ipime tena. Usiniambie imeungua hujaipima. Nakuomba kama ndugu."

Saadi alimtazama. Labda alitaka kumjibu kwa mzaha, lakini uso ule haukuwa na pahali pa mzaha. Alifungua ubavu wa plastiki nyuma ya gari, feni ikaonekana, akaleta taa yake ya kupimia. Ncha moja akaibana kwenye chuma cha mlango, nyingine akaigusisha kwenye soketi ya feni. Taa ikawaka.

"Umeme unafika," alinong'ona, sasa akijisemea mwenyewe. Akavuta nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri. Feni ikanguruma, ikatema vumbi. "Na mota nzima. Basi nilikuwa tayari kukuuzia ya mtumba bila sababu."

"Sasa nini?"

"Umeme ukishafanya kazi sharti uwe na njia ya kurudi kwenye bodi. Waya huu mweusi, ethi. Umeshikwa wapi?" Aliufuata kwa vidole hadi chini ya zulia, akalifunua. Pale waya ulipofungwa kwenye chuma palikuwa na ukoko mweupe na wa kijani, mzito, na shaba imeliwa ikabaki nyuzi za kuhesabika. Saadi alibandua kipande, akakigusisha ulimini. "Humu ulikuwa unachemsha chumvi?"

Twalibu aliyageukia madumu yake ya maji.

Kaa hawanyunyiziwi maji ya kisima, yatawaua. Hilo kila mtoto wa kisiwani alilijua. Wanawake huwafunika kwa tope na majani ya mikoko, wakatulia humo. Lakini Twalibu, tangu aanze kazi hii, alijaza madumu maji ya chumvi ya mkondo, na kila aliposimama aliwamwagia. Johari aliwahi kumwuliza, "Unawaogesha ili iweje? Wanakwenda harusini?" Yeye akaona huo ni ushamba. Aliwamwagia kwa huruma, maji yakapita matengani, yakashuka chini ya zulia, yakala waya kidogo kidogo. Mzigo uliopita ulipofika umekufa, aliongeza maji. Huenda hata wale aliwaua yeye. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwake alikuwa amesimama mbele ya wenzake akamwekea dhamana maisha yake ya matopeni.

Saadi alikata waya uliooza, akaunga mwingine, akakwangua chuma kwa msasa mahali pa juu, pakavu, akakaza boliti na kupaka grisi. Feni ikavuma.

"Nenda," alisema. "Na hayo madumu, kaka, yamwage hapa hapa."

Twalibu aliyamwaga. Lakini kwanza alilowesha gunia, akalikamua hata likaacha kudondoka, akayafunika matenga. Njia nzima alisikiliza mvumo ule kwa hofu, na kila uliposhuka kidogo alihisi na moyo wake unashuka.

Huko Mbagala, Dar es Salaam, mnunuzi wake Mudrick alianza kwa matenga ya chini. Macho yalijificha. Katika matenga ya katikati pia yalijificha, mengine kwa uzito. Alipolishusha la juu, aligusa, akagusa, akaacha kugusa.

"Hili katupe."

Twalibu alikitazama kipande cha kanga kilichofungwa kwenye fito. Joto hupanda; feni ilipokufa, pahali pa heshima pakawa tanuri. Akampigia dada yake simu, na nyuma ya sauti ya Johari akasikia wanawake wengine wakiongea, kisha wakinyamaza.

"Wamefika?" Johari aliuliza.

"Tenga moja limekufa."

"La nani?"

Angeweza kuchelewa kujibu. "Lako, dada. Lote."

"Na ya wenzangu?"

"Hai."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akasikia pumzi ndefu ikishuka, na sauti ya dada yake ikigeukia pembeni, ikiwaambia wenzake, "Yenu mazima." Kisha ikarudi simuni, imechoka. "Basi kesho naingia nao matopeni. Siku nyingine tenga langu uliweke chini."

Simu ikakatika. Twalibu alibaki amelikumbatia tenga, hajui pa kulitupa. Ndani ya gari tupu feni ya nyuma iliendelea kuvuma, naye hakuwa na nguvu za kwenda kuizima.