Paa la Thamer

Bi Masuda binti Adib, mshonaji wa mabuibui mtaani Al Jaddaf, katika mji wa jangwani usiojua baridi, alikuwa na desturi moja: kila Jumatatu, kabla ya kugusa cherehani, alipita posta kufungua sanduku lao. Mdogo wake, Thamer, alikuwa kaskazini ya mbali ya Kanada, akitafuta dhahabu katika changarawe za mto unaoganda miezi saba. Kambini kwake simu haikushika. Aliposhuka mjini kununua chakula, ndipo alipoandika barua, kwa Kiswahili alichofunzwa na mama yao, Bi Jokha, mzaliwa wa Unguja.

Mwaka wa sita ulikuwa umetimia. Bi Jokha alikuwa bado akiuliza mwanawe atarudi lini. Masuda alikwisha acha. Barua alizisoma kama asomavyo vipimo vya wateja.

Jumatatu hiyo barua ilikuwamo. Alimsomea mama yake sebuleni.

“‘Nimenunua unga na mafuta ya taa. Ijumaa narudi nyumbani, inshallah.’”

Bi Jokha alimshika mkono. “Rejea hapo.”

“‘Ijumaa narudi nyumbani.’”

“Alhamdulillahi! Miaka sita anachimba dhahabu, hata kipini cha pua hajaniletea. Na aje mikono mitupu, simuulizi. We Masuda, ondoa vitambaa vyako chumbani kwake. Ijumaa ipi hiyo?”

Masuda alitazama tarehe. Barua iliandikwa wiki tatu nyuma. Macho yake yalikuwa yamekwisha fika kwenye sentensi iliyofuata. Angeweza kuikunja karatasi.

“Soma, mwanangu. Mbona umenyamaza?”

Akasoma kwa sauti ile ile. “‘Nikifika nitaziba paa kwanza, maana upepo unapenya na theluji imeanza.’”

“Paa gani?” aliuliza Bi Jokha. “Sisi tunakaa ghorofa ya nne.”

Masuda alilitazama tena neno ‘nyumbani’. Katika barua zote zilizotangulia, nyumbani palikuwa hapa, si kule kambini. Alingoja uchungu umpate, usimpate. Aliona tu kwamba mwandiko wa Thamer ulikuwa bado mzuri, herufi zimesimama sawasawa.

Bi Jokha aliuachia mkono wake. Aliikunja na kuikunjua ncha ya mtandio.

“Mwandikie,” alisema hatimaye. “Alizibe kwa lami, asilipuelipue.”

Masuda akaandika.

“Na muulize kama ana mtu wa kumshikia ngazi.”

Akaliandika na hilo.