Warumi na Bomba la Mama Mkwe

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini siku ile uliniponza mbele ya mama mkwe.

Anaishi peke yake kijijini, juu ya Soni. Magoti yamemwisha, na maji alikuwa akiyafuata bondeni. Mimi na mke wangu tulikuwa na shughuli zetu Lushoto mjini. Kumwona ni Idi hadi Idi. Nikaona dawa ni kumvutia bomba hadi mlangoni. Akishapata maji, nasi lawama zituishe.

Fundi alipofunga koki na maji yakatoka, furaha ikanipanda. Nafundisha Kiingereza, na ugonjwa wangu ni asili ya maneno. Nikamwambia, "Fundi, unajua Waingereza wanakuita plumber? Limetoka kwenye Kilatini, plumbum, yaani madini ya risasi. Mabomba ya Warumi yalikuwa ya risasi, na kazi ya fundi ilikuwa kuyafua na kuyaunga. Na risasi ni sumu hasa!"

Mama mkwe alikuwa amekinga sufuria. Akaimwaga.

"Sumu?"

"Ni Warumi hao, mama, zamani sana!"

"Hili ni plastiki tupu, bibi," fundi akadakia, akiligonga kwa spana huku ananikata jicho.

"Mwalimu amesoma. Wewe umesoma?" Mama akabeba ndoo, akashika njia ya bondeni, anachechemea. Yarabi! Nilitamani ardhi inimeze. Nikamkimbilia na kumpokea ndoo, na mke wangu, aliyekuwa ameona yote akiwa mlangoni, akatoa hukumu palepale: mpaka mama atakapoliamini bomba, maji ya bondeni ni juu yangu.

Basi kila Jumamosi nikawa najaza pipa lake. Ndoo kumi, njia yenyewe utelezi mtupu, wanafunzi wangu wanaotoka kijijini hapo wananipita na "shikamoo mwalimu" huku wamebana vicheko. Halafu chai na viazi, na mama ananisimulia habari za majirani mpaka jua lipoe. Ikawa hivyo miezi miwili.

Jumamosi moja niliwahi. Nikamkuta anajaza birika bombani, hana wasiwasi wowote.

"Mama! Na ile sumu?"

Wala hakushtuka. Akafunga koki vizuri.

"Baba, siku ile nilipoona bomba limefika, nikajua ndiyo kwaheri yenu. Hebu nikuulize: maji haya ningeyanywa, ungekuja?"

Niliona aibu kweli. Nisingekuja, na yeye alijua.