Alama ya Mbuzi Aliyeuzwa

Kavutha hakuwahi kukalia dawati, lakini herufi alikuwa nazo, na aliyethubutu kuzibishia aliondoka na hadithi mbili zaidi. Alizipata soko la mbuzi la Kiamaiko, alikouzia wachuuzi wa mbuzi uji na chai. Pale kila mchuuzi humpaka mbuzi wake rangi mgongoni asije akachanganyika na wa wenzake: N ni wa Ndolo, Z ni wa Zahoro. Mjukuu wake Ndunge, mwenye miaka mitano, alizijua akiwa amekaa juu ya debe, na Kavutha, bibi aliyemwita Susu, akazitia chumvi. U ni kikombe cha uji. G ni gunia lililoachama baada ya kumeza panya watatu na mwenye gunia. A ni mdomo wa Ndolo siku aliyong'olewa jino. Alisema "aaa", ukakwama hivyo mpaka Pasaka.

Na X nyekundu? Hiyo hupakwa mbuzi aliyekwisha kuuzwa, anayesubiri kisu.

Balaa lilianzia hapo. Jumatatu Mwalimu Khavere wa chekechea alimchorea Ndunge X nyekundu daftarini, kwa kuwa alishindwa kusoma neno lililokuwa chini ya picha ya tembo. Ndunge akachungulia kando, akaona wenzake wawili nao wana X. Akawavuta chini ya meza, akawanong'oneza wasitoe sauti, wameshauzwa. Mmoja akajikojolea. Mama yake akaja shuleni mbio, kanga mkononi.

Jumanne Kavutha akaitwa. Karatasi ilikuwa tayari mezani: Ndunge arudishwe darasa la wachanga, kwa wanaojifunza kushika kijiko, na mlezi wake akubali.

"Shosho, unamjaza mtoto hadithi za mbuzi," alisema Khavere. "Hajui kusoma."

"Ulimwuliza nini akashindwa?"

"Tembo."

"Tembo hajawahi kupita Kiamaiko, mwanangu. Angepita, wangekuwa washamchuna."

Mwalimu hakucheka. Akamsogezea kisanduku cha wino. "Tia kidole hapa."

Kavutha akaficha vidole vyote kumi makwapani. Kidole hicho alishakitia kwenye karatasi asizojua zinasema nini, na moja ilimtoa katika shamba la marehemu mumewe.

"Kidole changu kiko likizo," akasema. "Andika neno, mtoto asome. Akishindwa, nitakutilia hadi cha mguu."

Khavere akaandika UNGA.

"Unga," Ndunge akasema, kalamu haijainuka.

"Hilo ameliona kwenye pakiti. Hajasoma, ametambua tu."

"Na mimi nikikuona njiani nikasema huyo ni Mwalimu Khavere, utasema sikujui?"

Mwalimu akaipindua karatasi. Akachukua herufi zile zile nne, akazipanga upya. Kavutha akazikodolea macho. Moja moja alizijua kama anavyowajua wenye mbuzi, ila zikishikana mikono zilimfungia mlango. Safari hii hakuweza kumsaidia mtoto hata kwa kukohoa.

Ndunge akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza. "Gunia. Uji." Akaziunganisha. "Gu." Kidole kikasonga. "Ndolo. Mdomo wa Ndolo. Na." Akarudi mwanzo, midomo ikicheza bila sauti.

"Guna," akasema. Kisha akamgeukia mwalimu kumfafanulia: "Kama Susu akiamka."

Khavere akalitazama neno, akamtazama mtoto. Neno hilo halikuwa kwenye pakiti yoyote.

"Sawa. Atabaki," akasema polepole. "Lakini hiyo hadithi ya X uiondoe, Shosho."

"Siwezi. Kiamaiko hawajaacha kuchinja. Mwenye kalamu ni wewe, badilisha alama."

"Alama hiyo ni ya shule zote."

"Basi ziandikie zote barua. Mimi sijui kuandika."

Khavere akaguna, na Ndunge akamwangalia kama aliyemwona Susu akiamka. Mwalimu akaichana ile karatasi katikati, akamwambia mtoto aende darasani.

Kavutha aliambiwa kwaheri mara mbili, lakini hakuelekea langoni. Alikwenda akasimama dirishani, mikono bado makwapani, na hakubanduka mpaka alipomwona Ndunge ameketi kwenye meza yake, katikati ya wale wawili aliouzwa nao.