Siku Niliyombania Mama Intaneti

Hapa Kindu mimi ndiye ninayegawa intaneti ya antena moja kwa mtaa mzima. Watu wakijaa, ni lazima nichague nani apite kwanza na nani asubiri. Naungama leo kwamba kazi hiyo ilinifanya nijione hakimu.

Jumapili iliyopita kanisa letu lilikuwa likirusha ibada moja kwa moja, picha ikaanza kukatika. Mchungaji akaniita kwa macho. Nilifungua kompyuta palepale kwenye benchi, nikaona simu moja nisiyoijua ikimeza intaneti kuliko zote. Nikasema moyoni, huyu ni mlafi anayetazama filamu wenzake wakisali. Nikaibana simu hiyo kabisa, nikalitanguliza kanisa.

Picha ikanyooka. Mchungaji akanisimamisha mbele ya waumini, wakanipigia makofi, nami nikawapungia mkono kama mbunge.

Makofi hayajaisha, mama yangu akaingia na simu ya jirani mkononi. Alikuwa amebaki nyumbani asubuhi, wala sikumuuliza kwa nini.

"Wamemupata yaya yangu, ndugu yangu mukubwa," alisema akihema. "Ule mwenye alikimbia na baba yetu wakati ya vita. Iko Kigoma. Nilikuwa namuona uso. Alianza kunielezea fasi penye walimuzika baba, kisha picha ikasimama. Mutoto yangu, intaneti iko na nini?"

Kanisa zima likanigeukia. Mchungaji akashusha kipaza sauti.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Njo mimi niliikata."