Jiwe la Kangai

Haya niliyaona mchana, jua likiwa utosini. Sikuwa nimelala, na pombe sijawahi kuionja. Ukitaka kucheka, cheka sasa.

Kikanisa chetu cha hija kiko juu ya kilima, upande wa Embu wa mto Thuci. Kuta zake zilijengwa na mahujaji: kila mmoja alipanda na jiwe moja la mtoni begani. Ndani kuna sanamu ya Mama Maria iliyobanduka rangi, na mlangoni bakuli la maji ya baraka, la mti wa muringa. Wakati wa Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, tulihamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki, kikanisa kikabaki nje peke yake. Mimi, katekista, nilipewa pasi ya kwenda kukifagia na kurudi kabla ya saa saba.

"Mwalimu," homgadi, askari mwenyeji wa serikali aliyelinda lango la kijiji, alinitania siku hiyo, "ukichelewa, usidhani Maria atakufungulia."

Nilikuwa nafagia altareni alipoingia Kangai, mwanafunzi wangu wa ubatizo, jiwe begani, udongo mwekundu hadi kwenye nyusi. Nilijua yuko zamu ya kuchimba handaki. Alipitaje langoni?

"Nibatize, Mwalimu. Maji si hayo?"

Niamini, nilianza kumuuliza katekisimu! Kila Mkristo anaruhusiwa kumbatiza anayekufa. Hilo nililifundisha mwenyewe. Lakini huyu alisimama mzima mbele yangu. Amri za Mungu alizisema zote kumi. Amri za Kanisa, akakwama kwenye ya nne.

"Kajifunze kwanza. Padri atakuja Pasaka."

"Pasaka ni mbali, Mwalimu."

Akaniwekea jiwe mikononi. Lilikuwa limelowa, baridi mno. Akatoka. Nilipofika mlangoni, njia yote ya kilima ilikuwa tupu.

Langoni homgadi hakutania tena. Wanawake walikuwa wakilia. Handaki lilimporomokea Kangai asubuhi, nikiwa bado napanda kilima, na ndiyo kwanza walikuwa wamemfukua. Viganja vyangu vilikuwa bado na maji ya lile jiwe. Ningefanya nini? Maiti haibatizwi.

Padri aliniambia kwamba aliyetamani ubatizo, Mungu ameshampokea. Naamini, na nashukuru. Lakini jiwe nililijenga ukutani, kando ya bakuli, na hadi leo, hata mwaka wa kiangazi, halikauki. Panda kilima uliguse.

Na siku mtu atakapokuomba maji, tafadhali, usimuulize amri ya nne.